Kosa la Mathilde halikuwa kupenda almasi

Ile stori ya mkufu ya Guy de Maupassant, mwandishi wa Kifaransa, watu wengi wanaifunga kwa sentensi moja tu, tamaa mbele mauti nyuma, imeisha hiyo, twende nyingine. Hata ukikaa na watu wazima waliosoma vizuri utasikia hivyo hivyo, yule mwanamke alijifanya tajiri na yakamkuta. Mi kila nikiirudia nazidi kuona tunamwonea. Sio kwamba hana kosa, analo, tena kubwa la kumla miaka kumi ya maisha yake, ila sio lile tunalomsomea kila siku. Na hayuko peke yake, mle ndani kuna watu watatu wenye makosa na wawili kati yao tunawaacha wapite hivi hivi.

Kwa ambaye hajaisoma au kaisahau ntaipitia, na mwisho wake ntausema maana bila mwisho hakuna cha kujadili.

Kwa Kifaransa inaitwa La Parure, ilitoka kwenye gazeti la Le Gaulois la Paris mwezi wa pili mwaka 1884. Mathilde ni binti mzuri wa sura aliyezaliwa kwenye familia ya makarani na hana mahari. Hapa inabidi tusimame kidogo, maana kwa Wafaransa wa wakati ule mali ilitoka upande wa binti kwenda kwa mume, kwa hiyo msichana asiye na cha kupeleka hata awe mzuri vipi hakuwa na njia ya kuolewa na mtu mwenye nacho. Akaolewa na karani mdogo wa Wizara ya Elimu, bwana Loisel. Na Maupassant hayo maisha alikuwa anayajua kwa ndani, yeye mwenyewe alikuwa karani, kwanza kwenye wizara ya mambo ya jeshi la majini alafu wizara hiyo hiyo ya Elimu, kabla hajaanza kula kwa kalamu yake.

Sasa Mathilde anakaa kwenye nyumba yake ya hali ya chini, kuta zimechakaa, viti vimechoka, pazia baya, na anaota. Anaota vyumba vya kupokelea wageni vyenye vitambaa vya Mashariki kutani, taa za shaba, na walinda mlango wawili wakubwa waliovaa suruali za kuishia magotini wanasinzia kwenye viti vikubwa kwa sababu ya joto la moto. Washikilie hao walinda mlango wanaosinzia, tutawakuta tena. Mumewe yeye anakaa mezani kwenye kitambaa kilichotandikwa siku tatu bila kubadilishwa, anafunua bakuli la supu, anafurahi kabisa, anasema ah, supu nzuri hii, hakuna kitu bora kuliko hiki. Watu wengi hapo wanampenda mume na kumchukia mke. Mi nawaona watu wawili wanaokula meza moja na hakuna hata mmoja anayejua mwenzie anawaza nini, na hilo ndo litakuja kuwaua.

Na kuhusu kuota, jamani, angefanya nini kingine? Ufaransa mwanamke aliyeolewa hakuwa na haki ya kushika mshahara wake mwenyewe mpaka sheria ya mwaka 1907, miaka zaidi ya ishirini baada ya stori hii kuchapishwa. Maupassant mwenyewe anasema pale mwanzoni kwamba kwa wanawake, uzuri na mvuto ndo vilikuwa vinachukua nafasi ya ukoo na cheo. Yaani kitu pekee alichonacho cha kumpandisha ni sura yake na hana mahali pa kwenda kuionyesha. Mtu kama huyu kutamani sio dhambi ya ajabu. Ubaya wake hapo mwanzo upo lakini ni mdogo, ni kwamba ana rafiki tajiri waliyesoma naye, Bibi Forestier, na ameacha kwenda kumtembelea kwa sababu kila akirudi analia. Hiyo ndo sehemu ya kuangalia. Yuko tayari kumpoteza rafiki kuliko huyo rafiki amwone alivyo. Iweke hiyo akilini.

Mumewe siku moja anarudi na bahasha, kaalikwa kwenye dansi ya waziri, Jumatatu tarehe 18 Januari. Amehangaika kuipata maana makarani wengi hawapewi. Mke anaitupa mezani kwa hasira, hana nguo. Nguo ya kufaa anahesabu 400 faranga, na mume anabadilika rangi kidogo kwa sababu hela hiyo hiyo kamili alikuwa ameiweka akanunue bunduki aende kuwinda ndege Nanterre siku za Jumapili na rafiki zake. Anampa. Ni jambo zuri alilofanya, ila kuna kitu kinakuja kujulikana baadaye ambacho wengi wanakipita, kwamba huyu bwana alikuwa na 18,000 faranga alizoachiwa na baba yake. Kumbe zipo! Mtu anaishi na mke anayelia kila siku kwa ajili ya viti vilivyochakaa na pazia baya, na elfu kumi na nane zipo. Simlaumu kwa kutunza urithi, mtu mwenye akili anatunza, ila nyumba ile ilikuwa na siri yake hata kabla mkufu haujaingia, au kama mke alijua basi hawakuwahi kukaa chini wakaongea maisha yao wanayatakaje.

Nguo ikapatikana, bado hana kito. Mume anamwambia vaa maua, kwa 10 faranga unapata mawaridi mawili matatu mazuri sana. Hataki, anasema hakuna kinachoaibisha kama kuonekana maskini katikati ya wanawake matajiri. Ndipo mume anapomkumbusha Bibi Forestier, na wazo la kwenda kuazima ni la mume, sio la mke, hilo nalo tunalisahau.

Pale kwa Forestier ndo panatakiwa kusomwa polepole. Anatoa kasha kubwa toka kabatini, anamwambia chagua. Kuna bangili, kuna mkufu wa lulu, kuna msalaba wa dhahabu wa kazi ya Venice wenye vito. Mathilde anajipima mbele ya kioo, anasitasita, anauliza huna kingine? Kingine kipo, tafuta, anaambiwa, mi sijui utapenda nini. Alafu ghafla kwenye boksi la satini nyeusi anakuta mkufu wa almasi na moyo unaanza kumdunda, mikono inatetemeka. Anauliza kwa wasiwasi, utaniazima hiki, hiki tu? Ndio, bila shaka. Basi. Jibu fupi hivyo, hakuna angalia usipoteze, hakuna nirudishie kesho asubuhi. Sisi wenyewe tunajua mambo haya, ukanda wa Pwani wanawake wanaazimana dhahabu kwenye shughuli tangu zamani na anayeazima dhahabu ya kweli hakosi kuambiwa neno, hata na dada yake wa tumbo moja. Forestier hakusema neno kwa sababu hakukuwa na cha kusema, ni kioo kile, almasi feki. Ila hakusema pia kwamba ni feki. Sio uongo, ni kunyamaza, na stori nzima imejengwa juu ya watu wanaonyamaza.

Dansi lenyewe Maupassant analipitisha haraka na mi pia. Mathilde anang'aa kuliko wanawake wote, wanaume wanauliza jina lake, waziri mwenyewe anamwona. Hakuna anayesema mkufu mzuri. Rudini muangalie, hakuna hata mtu mmoja anayeusifia ule mkufu usiku ule, wanamsifia yeye. Angevaa yale mawaridi ya 10 faranga usiku ungekuwa ule ule. Na mumewe? Mumewe tangu saa sita usiku kalala kwenye kichumba kitupu cha pembeni na wanaume wengine watatu ambao wake zao walikuwa wanafurahia sana. Wale walinda mlango wanaosinzia kwenye viti wa kwenye ndoto yake ndo hawa sasa. Ndoto imetimia kabisa, vitambaa, taa, joto, na wa kusinzia kitini ni mumewe. Mi hapo kila mara napata uchungu kwa ajili ya huyo bwana.

Saa kumi alfajiri wanatoka. Mume anamtupia mabegani nguo za kujifunika alizokuja nazo, za kila siku, za kimaskini, hazifanani hata kidogo na gauni la dansi. Wanawake wengine wanajifunika manyoya ya bei kali. Na Mathilde anataka kukimbia wasimwone. Mume anamwambia ngoja, nje utashikwa na baridi, niite gari. Hamsikilizi, anashuka ngazi mbio. Sijui wangapi wanaisoma hiyo ngazi kama mi ninavyoisoma. Mkufu kama umepotea kwa sababu ya kitu chochote basi umepotea kwa sababu ya hizo mbio na hizo nguo za mabegani, na mbio zenyewe hazikuwa za tamaa, tamaa ilikuwa imeshiba usiku ule, zilikuwa mbio za aibu. Wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri matako, na yeye alikuwa amesitirika mbele yote kwa kioo cha mtu na amebaki wazi nyuma kwenye koti lake mwenyewe.

Nje hakuna gari. Wanatembea kuelekea mto Seine wanatetemeka mpaka wanapata moja ya yale magari ya farasi ya zamani ambayo Paris yanaonekana usiku tu, Maupassant anasema kana kwamba mchana yanaona aibu ya umaskini wao. Sentensi moja imepita hivyo kama maelezo ya barabarani na ndani yake kamweka Mathilde mzima. Gari linalojificha mchana. Ndo linalowapeleka nyumbani, mtaa wa Rue des Martyrs, mtaa wa mashahidi wa dini, jina la mtaa halisi wa Paris ambao upo mpaka leo ila nina uhakika hakuuchagua kwa bahati. Mume anawaza kwamba saa nne lazima awe kazini. Mke anajisogeza kwenye kioo ajione mara ya mwisho katika utukufu wake, na anapiga kelele. Shingo iko tupu.

Sasa hapa ndo moyo wa jambo langu. Mume anatoka kutafuta kwa miguu njia yote, anarudi saa moja asubuhi hana kitu. Anaenda polisi, anaenda magazetini kuahidi zawadi, anaenda kwenye kampuni za magari madogo ya farasi. Mke amebaki kwenye kiti na gauni lake la dansi, hana nguvu hata ya kwenda kulala. Jioni mume anarudi kachoka, uso umempauka, na anasema inabidi umwandikie rafiki yako kwamba umevunja kifungio cha mkufu wake na umepeleka kutengenezwa, itatupa muda wa kujipanga. Mke akaandika, mume akimtajia maneno.

Hiyo barua. Hakuna mstari mzito kuliko huo kwenye stori nzima na umeandikwa mfupi mfupi hivyo. Miaka kumi imetiwa saini pale. Kama ile karatasi ingesema dada yangu samahani, mkufu wako umepotea, tunautafuta, tukikosa tutalipa, jibu lingerudi jioni ile ile, pole usihangaike, ulikuwa feki, haufiki hata 500 faranga. Gauni alilovaa lilikuwa la 400! Alikuwa amebeba mwilini gauni na mkufu wa bei karibu sawa na hakujua. Na ona basi, karatasi ni moja, mkono ni wa mke, maneno ni ya mume. Kosa la nyumba hiyo wameliandika wawili kwa kalamu moja, kwa hiyo mtu anayemhukumu Mathilde peke yake kwa kweli hajasoma hiyo aya.

Na uongo huo haukutoka kwenye ubaya wa roho. Watu hawa hawana nia ya kumwibia mtu, ni waaminifu kiasi cha kuumiza, walikuwa tayari kufa wakilipa. Ila uaminifu wao ni wa hela tu, wa maneno hawana. Wanaweza kurudisha 36,000 na hawawezi kurudisha sentensi moja ya kweli. Huo ndo udhaifu ninaouona mi, na unatisha kuliko tamaa kwa sababu tamaa mtu anaijua na anaionea haya lakini kuficha kunavaa nguo ya heshima. Unajiona mtu mzima mwenye staha, hutaki kumsumbua mtu, hutaki kuonekana mzembe, kumbe unajichimbia.

Alafu kuna boksi. Watu wakiulizwa alama kuu ya stori hii ni ipi wanasema mkufu, almasi, ufahari wa nje ambao ndani ni bure. Sawa, upo, sikatai. Ila mi naona Maupassant kaweka ukweli wote kwenye lile boksi la satini nyeusi na sisi tunalipita kwa sababu macho yako kwenye kinachong'aa. Baada ya wiki matumaini yameisha, mume kazeeka miaka mitano, wanachukua boksi wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani. Sonara anaangalia vitabu vyake na kusema, mama, mkufu huo sio mimi niliyeuza, mimi nitakuwa nimetoa boksi tu.

Simama hapo! Sonara kauza boksi bila mkufu. Boksi la duka la heshima na kilichomo ndani kimetoka kwingine kusikojulikana. Ukweli umetamkwa kwa sauti, mbele yao, na mtu asiye na sababu ya kudanganya, na kama wangekuwa na dakika tano za utulivu wangejiuliza kwanini almasi za bei hiyo ziwekwe kwenye boksi lililotafutwa kando. Hawakusikia. Woga umeziba masikio, wanatoka duka hili kwenda lile wakitafuta mkufu unaofanana, wakikumbuka kwa kichwa tu ulivyokuwa, wote wawili wanaumwa kwa huzuni. Palais Royal, sehemu ya maduka hapo Paris, wakaupata. Bei yake 40,000, wakaachiwa kwa 36,000, na sonara akakubali kuurudisha kwa 34,000 kama ule wa mwanzo ukipatikana kabla ya mwisho wa Februari. Urithi wa 18,000 ukatoka wote, nusu kamili. Nusu nyingine wakakopa, elfu kwa huyu, mia tano kwa yule, akasaini hati za madeni asizojua kama ataweza kuzilipa, akaingia mikononi mwa wakopeshaji wa kila aina. Kausha damu hawa tunaowalalamikia mtaani kwetu, Paris ya wakati ule walikuwepo wenzao.

Mkufu mpya wa kweli ukaingia kwenye boksi la zamani la uongo, Mathilde akaupeleka. Forestier akapokea kwa ubaridi, akasema ungenirudishia mapema, ningeweza kuuhitaji. Na hakulifungua boksi. Mathilde alikuwa anaogopa sana alifungue, alijiuliza angegundua umebadilishwa angesema nini, si angemwona mwizi? Yaani kitu alichokuwa anakiogopa kuliko vyote ndo kitu pekee ambacho kingemwokoa. Kifuniko kile kingeinuliwa tu, mwenye mali angeona mwanga sio ule, angeuliza, na yote yangemwagika pale pale mlangoni, mkufu ungerudi Palais Royal, hasara ingekuwa 2,000 faranga na aibu ya jioni moja. Boksi likafungwa likawekwa kabatini. Kwa mara nyingine boksi hilo linataka kusema na linanyamazishwa.

Kuna rafiki yangu mmoja tulibishana naye sana hapa, yeye anasema Forestier hana kosa lolote, kaazimisha kitu chake, kimerudi, aanzie wapi kukagua, kukagua ni kumtukana mgeni. Namwelewa, ustaarabu ndo ulivyo. Ila kosa lake mi naliona sio kutokufungua, ni ule ubaridi. Kasoma kwamba rafiki yake maskini kavunja kifungio na kapeleka kutengeneza kitu ambacho yeye anajua ni cha bei ndogo, na hata hivyo akamnunia kwa kuchelewa. Neno moja la upole, we naye ulihangaika bure na kioo kile, lingeangusha nyumba nzima ya uongo. Anajua thamani ya mkufu na bado anamwacha mwenzie aondoke akiwa mdogo.

Miaka kumi yenyewe sitaki kuipitisha haraka, maana hapo ndo wanaosema adhabu ya tamaa wanafurahi na mi nakataa kufurahi. Wakamwachisha kazi yule binti wa Kibretoni, wa mkoa wa Bretagne, aliyekuwa anawasaidia, wakahama, wakapanga kichumba cha darini. Mathilde akaosha vyombo mpaka kucha zake za pinki zikaisha kwenye masufuria ya mafuta, akafua mashati na matambara na kuyaanika kwenye kamba, kila asubuhi akashusha taka na kupandisha maji akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi, akaenda kwa muuza matunda na bucha na kikapu mkononi akibishania kila senti na kutukanwa. Mume jioni anapanga mahesabu ya mfanyabiashara mmoja na usiku ananakili maandishi kwa sou tano, visenti vya Kifaransa, kwa ukurasa. Deni likaisha lote pamoja na riba na riba juu ya riba. Mathilde akawa mwanamke mwenye nguvu, mgumu, mwenye mikono myekundu, anaongea kwa sauti kubwa.

Maupassant anasema aliingia kwenye maisha hayo kishujaa, na mi namwamini. Huyu ni yule yule aliyelia kwa kukosa gauni. Alikuwa na uwezo huu wote ndani yake! Na ndo maana naumia, kwa sababu ushujaa wote huo ulitumika kulinda uongo wa barua ya mistari michache. Hakuna aliyemwona akiwa shujaa, hakumwambia mtu, Forestier alikuwa mtaa mwingine tu wa mji ule ule na miaka yote kumi hawakuonana. Mara nyingine mume akiwa ofisini alikaa dirishani akakumbuka ule usiku wa dansi alivyokuwa mzuri. Hilo msimcheke, mtu anahitaji kitu cha kukumbuka.

Mwaka mmoja kabla ya hii Maupassant alikuwa ameandika stori nyingine, Les Bijoux, yaani Vito, ya 1883, ambayo ni kama ameigeuza hii upande wa ndani ukatoka nje. Karani mwingine wa wizara, Lantin, ana mke mwema ambaye anapenda mambo mawili tu, maonyesho ya jukwaani na vito vya bandia. Mke anafariki, mume anaishiwa, anapeleka mkufu mmoja kwa sonara akitegemea faranga chache na anaambiwa ni wa kweli. Vyote ni vya kweli, vilivyobaki thamani yake jumla 196,000, na mwanaume anaelewa akiwa barabarani baada ya kutoka dukani mke wake alivipata vipi. Kule feki ni halisi, huku halisi ni feki, na kwenye zote mbili sonara ndo anayesema ukweli kwa karani. Tofauti ni kwamba Lantin alisikia, maana ukweli wake ulikuja na hela. Loisel ukweli wake ulikuja umevaa boksi tupu. Ukizisoma mbili hizi kwa kufuatana utaona Maupassant hakuwa anahubiri kuhusu wanawake wanaopenda mapambo, vito ni kisingizio tu, alichokuwa anakifuata ni jinsi watu wanavyolala kitanda kimoja bila kuulizana.

Tumalizie Champs-Élysées, ile barabara maarufu ya Paris. Jumapili, Mathilde anatembea kupumzika baada ya kazi za wiki, anamwona Bibi Forestier na mtoto, bado kijana, bado mzuri. Anajiuliza amsemeshe au asimsemeshe, alafu anaamua, sasa nimelipa, ntamwambia kila kitu, kwanini nisimwambie? Anamsogelea, habari za siku nyingi Jeanne, na mwenzie hamtambui kabisa, anashangaa huyu mama wa kawaida anamwitaje kwa jina lake. Na Mathilde anaeleza. Uliniazima mkufu, niliupoteza, nilikurudishia mwingine unaofanana, tumeulipia miaka kumi, unajua haikuwa rahisi kwetu tusiokuwa na kitu, sasa imeisha na nimefurahi. Na anatabasamu kwa furaha ya kujivunia. Hukuutambua eh? Ulikuwa unafanana kabisa!

Huyu Mathilde wa kwenye lami, mikono myekundu, nywele hazijachanwa vizuri, ni mara yake ya kwanza kusimama mbele ya huyo tajiri bila kuona aibu. Na angalieni Forestier anafanya nini. Anayo almasi ya kweli ya 36,000 kabatini, kaipata bila kujua, hakuna shahidi, hakuna hati, mbele yake kuna mwanamke aliyeridhika ambaye hadai kitu. Angeweza kusema pole sana rafiki yangu na akaendelea na matembezi yake na mtoto wake, na akabaki na mali. Hakufanya hivyo. Anashika mikono yake yote miwili, kaguswa sana, na pale pale anasema, maskini Mathilde wangu, wangu ulikuwa feki, ulikuwa na thamani ya 500 faranga tu ukizidi sana.

Stori inakatika hapo na watu wanabaki wanalalamika, hela zilirudi au hazikurudi, alipewa mkufu au hakupewa. Mi naona atakuwa alirudishiwa, kwa namna Forestier alivyomshika mikono. Ila kinachonishika zaidi ni mpangilio wenyewe. Mathilde alisema ukweli wake kwanza, wote, hadharani barabarani, na jibu la kweli likamrudia hapo hapo bila hata kuombwa. Yalikuwa ni maneno yale yale ambayo yangekuwa kwenye ile barua.